Diski moja imekufa kwenye seva: kazi ziendelee vipi hadi nyingine ifike?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nasimamia seva ya chama cha akiba na mikopo mjini Morogoro. Ina diski nne za TB 4 kila moja, zimeunganishwa kuwa safu moja ya RAID 5 (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja) kwa mdadm, programu ya Linux ya kazi hiyo, juu ya Debian, aina mojawapo ya Linux. Humo mna hifadhidata ya wanachama, folda za ofisi na skani za fomu za miaka yote. Juzi mhasibu alilalamika kwamba mfumo umekuwa mzito. Kuangalia nikakuta diski moja imetolewa kwenye safu. Nyingine nimeagiza Dar es Salaam, itafika baada ya siku tatu au nne. Meneja anataka tuzime seva mpaka ifike. Mwenzangu anasema niiwashe upya, huenda diski ikarudi. Na wanachama wanakuja kila siku kufuata mikopo. Nifanye nini?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Usiiwashe upya, na usiizime, angalau si leo. Seva yako imepungukiwa lakini inafanya kazi, na data yote bado inasomeka. Nafasi hiyo itumie kwanza kutoa nakala. Kupunguza mzigo ni jambo la pili, na diski mpya, ambayo najua ndiyo unayoisubiri kwa hamu, ni la tatu. Mafundi wengi hupindua mpangilio huu, wakaunganisha diski mpya dakika ileile inapofika kabla hawajanakili hata faili moja, na hapo ndipo ofisi hupoteza kila kitu.

Ukiandika cat /proc/mdstat utaona mstari unaoishia na [4/3] [UU_U]. Diski zinazotakiwa ni nne, zilizopo ni tatu, na ule mstari wa chini kati ya herufi ndiyo nafasi iliyo wazi. RAID 5 haikuwekei nakala ya pili ya kitu chochote. Kwa kila vipande vitatu vya data inaweka kipande cha nne cha pariti, kinachopatikana kwa hesabu ya XOR: idadi ya 1 ikiwa shufwa jibu ni 0, ikiwa witiri jibu ni 1. Chukua biti tatu, 1, 0 na 1: pariti yake ni 0. Futa ile ya mwisho, kisha rudia hesabu ileile kwa zilizobaki pamoja na pariti, yaani 1, 0 na 0: unapata 1, ileile iliyopotea. Seva yako inafanya hivyo sasa hivi kila inapoombwa kitu kilichokuwa kwenye diski iliyokufa.

Hapo ndipo unapotoka uzito anaoulalamikia mhasibu. Hesabu yenyewe prosesa inaimudu bila shida. Tatizo ni usomaji. Zamani kipande kimoja kilisomwa kutoka diski moja. Sasa robo ya vipande havipo, na kila kimoja kati ya hivyo kinadai diski zote tatu zilizobaki zisomwe. Ukipiga wastani, kila ombi dogo limekuwa maombi moja na nusu, na yanagawanywa kwa diski tatu badala ya nne. Maana yake kila diski iliyo hai inabeba mzigo mara mbili ya ule wa safu ikiwa kamili. Diski hizo huenda zilinunuliwa siku moja na iliyokufa, zimekaa kwenye kasha moja na kula joto lilelile. Usizihesabu kuwa mpya kwa sababu tu hazijalalamika.

Sasa nakala. Anza na hifadhidata, maana ndiyo ndogo na ndiyo isiyoweza kuandikwa upya. Itoe kwa mysqldump au pg_dump, kutegemea unatumia MySQL au PostgreSQL. Usinakili mafaili yake ghafi wakati inafanya kazi, kwa sababu unaweza kupata nakala ambayo haifunguki. Faili hilo lipeleke kwenye kompyuta nyingine ya ofisini na kwenye diski ya nje, kisha lirudishe kwenye hifadhidata tupu ya majaribio uone kama wanachama na salio zao wanatokea. Nakala ambayo hujaijaribu usiitegemee siku kama hizi. Baada ya hapo chukua folda za ofisi kwa rsync, programu ya kunakili mafaili, na skani za zamani ziwe mwisho. Mchana weka --bwlimit=20000 ili kunakili kusizidi karibu MB 20 kwa sekunde na watu wa kaunta wapumue; jioni ondoa kikomo hicho.

Kunakili huku kunakufanyia kazi ya pili kimyakimya. Kila faili linalosomwa hadi mwisho linathibitisha kwamba sekta zake kwenye diski tatu zinasomeka. Rsync ikigoma kwenye faili fulani na dmesg (logi ya mfumo) ikaonyesha kosa la kusoma kwenye sda (Linux huziita diski sda, sdb na kuendelea), umeijua diski dhaifu mapema, kabla hujaibebesha kazi ya ujenzi, yaani kuijenga upya safu kwenye diski mpya.

Wakati rsync inaendelea, chunguza diski zote nne kwa smartctl -a, amri inayosoma afya ya diski. Angalia namba nne tu: 5, 197, 198 na 199. Namba 5 inahesabu sekta ambazo diski imeshazihamisha. Ya 197 ni sekta ambazo imeshindwa kuzisoma na inasubiri kuamua hatima yake, na 198 ni zile zilizoshindikana kwenye ukaguzi wake yenyewe. Kwenye diski hai, 197 ikiwa juu ya sifuri hiyo ni hatari ya leo. Namba 199 ni ya aina nyingine kabisa: inahesabu data iliyoharibika njiani kati ya diski na bodi, na mara nyingi mwenye kosa ni kebo au soketi yake.

Kwa hiyo iangalie kwa makini hata ile iliyotolewa. Kama bado inajibu, 5, 197 na 198 zote ni sifuri ila 199 imepanda, huenda diski ni nzima na kebo ndiyo mbovu. Kuna pia kisa cha diski za kompyuta za kawaida zilizowekwa kwenye seva. Diski ya namna hiyo ikikutana na sekta ngumu huweza kuhangaika nayo zaidi ya dakika mbili, wakati kerneli, kiini cha Linux, husubiri sekunde 30 tu, ikaamua kwamba diski imepotea. Jaribu smartctl -l scterc,70,70 kwa kila diski. Ikikubali, itakata tamaa baada ya sekunde saba na kutoa taarifa kwa adabu. Isipokubali, ongeza subira ya kerneli yenyewe:

echo 180 > /sys/block/sda/device/timeout

Rudia kwa kila diski, na uandike amri hizo mahali zitakapojiendesha seva ikiwaka, kwa sababu hazikumbukwi umeme ukizimwa. Ukiridhika kwamba diski ilionewa, na kwenye /proc/mdstat upo mstari wa bitmap (ramani ya sehemu zilizobadilika), basi mdadm /dev/md0 --re-add /dev/sdc1 itasawazisha yale tu yaliyobadilika tangu ilipotoka, na kazi inaweza kuisha kwa dakika. Lakini ukiona 197 iko juu ya sifuri, usiirudishe. Iweke kando salama wala usiitupe: ikitokea sekta imegoma kwenye nyingine, diski hiyo mbovu yaweza kuwa ndiyo pekee yenye kipande kinachotafutwa.

Turudi kwa meneja. Hoja yake si ya kupuuzwa, maana kinachomsumbua ni uharibifu kuongezeka. Mweleze hivi: diski iliyozunguka miaka mingi bila kusimama ina nafasi yake mbaya zaidi ya kugoma pale inapozimwa, ikapoa, kisha ikawashwa. Ukiizima leo bila nakala unaweka data yote ya chama rehani kwa diski tatu kuwaka pamoja asubuhi. Nakala zikishatoka, kuzima au kutozima kunabaki suala la huduma. Kuwasha upya kama anavyosema mwenzako ndiko kubaya kuliko yote, kwa sababu kuna hatari ileile na hakuna faida. Diski ikifufuka baada ya kuwashwa, bado itakuwa imekosa maandishi ya siku zote ilizokuwa nje, na mdadm haitaikubali kama mwanachama kamili mpaka isawazishwe.

Kinachonitia wasiwasi zaidi kwako ni umeme. Safu ya RAID 5 iliyopungukiwa ikikatikiwa umeme katikati ya kuandika, data inaweza kuwa imeshaandikwa na pariti bado, au kinyume chake. Safu ikiwa kamili, pariti hukokotolewa upya ukisharudi. Ikiwa imepungukiwa, pariti hiyo ndiyo iliyobeba kipande cha diski isiyokuwepo, kwa hiyo kinachoharibika chaweza kuwa faili ambalo hakuna aliyeligusa siku hiyo. Kerneli inalijua hilo: RAID 5 iliyopungukiwa ambayo haikuzimwa vizuri, inakataa kuiwasha na kuandika kwenye logi kwamba haiwezi kuanzisha safu chafu iliyopungukiwa. Hapo inabidi ulazimishe kwa --assemble --force, ukiwa hujui nini kimeharibika. Basi hakikisha betri ya UPS ni nzima, unganisha waya wake wa USB kwenye seva, na programu ya NUT iizime seva kwa utaratibu kabla betri haijaisha. Kama UPS yenu ni ya kubahatisha na umeme wa huko unakatika usiku, basi nakala zikishakamilika, afadhali uizime mwenyewe vizuri jioni kuliko kuiacha izimwe na giza.

Kupunguza mzigo kuna njia moja inayozidi zote: iondoe hifadhidata kwenye safu. Ya chama cha akiba na mikopo mara nyingi inaingia yote kwenye SSD (diski isiyozunguka) ndogo, hata ya GB 240. Chomeka SSD hiyo, simamisha hifadhidata baada ya saa za kazi, hamisha, iwashe ikiwa huko. Mhasibu ataona tofauti asubuhi yake, maana maombi madogomadogo ya hapa na pale ndiyo yanayoitesa RAID 5, na sasa hayapo tena. SSD moja haina mwenza, kwa hiyo toa nakala ya hifadhidata kila saa moja kwenda kompyuta nyingine hadi mambo yatulie.

Skani za zamani hakuna anayeziandika. Kama ziko kwenye patisheni yake (sehemu ya diski iliyotengwa), ziweke katika hali ya kusomwa tu kwa mount -o remount,ro. Zilizobaki ziweke noatime, ili kusoma faili kusizalishe kazi ya kuandika saa liliposomwa. Kisha angalia cron, ratiba ya kazi zinazojiendesha. Debian ina ukaguzi wa safu unaojiendesha Jumapili ya kwanza ya mwezi, nao ukiangukia siku hizi usiuruhusu. Simamisha pia updatedb (inayoorodhesha mafaili yote), skani za virusi na ripoti nzito za usiku. Na uhakikishe swap (nafasi ya diski inayosaidia RAM) haikuwa kwenye diski iliyokufa nje ya safu. Ikiwa huko, programu zinaweza kuanguka moja baada ya nyingine bila sababu inayoonekana.

Diski ikifika, soma lebo kabla ya kuipokea. Isipungue ukubwa hata kidogo, na isiwe ya SMR, ile inayopanga njia za data zikipandiana ili ziingie nyingi. Diski ya SMR huandika vizuri mwanzoni, kisha ikilemewa na maandishi mfululizo hupunguza mwendo vibaya, na kujenga upya RAID ni maandishi mfululizo tangu mwanzo hadi mwisho. Mwaka 2020 ilibainika hadharani kwamba baadhi ya diski zilizouzwa mahsusi kwa seva za faili zilikuwa za SMR bila lebo kusema. Kwa hiyo tafuta namba ya modeli kwenye orodha ya mtengenezaji, usiridhike na maneno ya dukani.

Kuchomoa diski mbovu ndiyo hatua ninayokuomba uifanye polepole kuliko zote. Herufi sdc haijaandikwa kwenye kasha, na inaweza kubadilika seva ikiwaka upya. Andika ls -l /dev/disk/by-id, chukua siriali namba za diski tatu zilizo hai, ziandike kwenye karatasi. Ya nne unayoitafuta ni ile ambayo haimo kwenye karatasi. Kama trei zina taa, lazimisha usomaji kwenye zile hai, moja moja:

dd if=/dev/sda of=/dev/null bs=1M count=5000

Taa ya sda itawaka mfululizo. Bandika kipande cha karatasi chenye jina lake. Fanya vivyo hivyo kwa sdb na sdd. Trei isiyo na karatasi ndiyo ya kuchomoa, na siriali namba ya kwenye lebo yake ikubaliane na hesabu yako. Kama kasha lako halina trei za kuchomolea diski seva ikiwaka, zima seva vizuri kwanza, usichezee kebo ikiwa inawaka.

Ukikosea ukachomoa iliyo hai, safu inasimama papo hapo. Usiandike kitu. Irudishe, kisha angalia mdadm --examine /dev/sd[abd]1 | grep Events. Namba hizo, zinazohesabu mabadiliko ya safu, zikiwa sawa au zikipishana kidogo sana, --assemble --force huirejesha. Utakutana na watu watakaokuambia utumie --create. Usikubali. Amri hiyo inaandika safu mpya juu ya ile ya zamani, na ukikosea mpangilio wa diski au ukubwa wa vipande huna tena pa kurudi.

Mpangilio wa patisheni unanakiliwa kutoka diski hai kwenda mpya:

sgdisk -R /dev/sde /dev/sda
sgdisk -G /dev/sde
mdadm /dev/md0 --add /dev/sde1

Soma mstari wa kwanza mara mbili kabla ya kubonyeza. Inayopokea imeandikwa mwanzo, inayotoa ipo mwisho. Ukizigeuza, utafuta mpangilio wa diski iliyo hai. Mstari wa pili unaipa diski mpya vitambulisho vyake, zisije zikafanana.

Kuanzia hapo ujenzi unaendelea huku watu wakifanya kazi. Kwa kasi ya MB 150 kwa sekunde, TB 4 huchukua kama saa saba na nusu. Kwa MB 30, ni saa 37. Viwango vinatawaliwa na faili mbili ndani ya /proc/sys/dev/raid: speed_limit_min, ambayo kwa kawaida ni 1000, na speed_limit_max, 200000, zote kwa KB kwa sekunde. Ile ya chini ndiyo kasi ambayo kerneli inajitahidi isishuke hata watu wakiwa kazini, na 1000 ni ndogo mno. Ofisi ikichangamka ujenzi unakaribia kusimama. Mimi ningeweka 20000 mchana, na saa za kazi zikiisha niipandishe hadi 150000. Nafuu zaidi, anza Ijumaa jioni, ili wikiendi imalize. Kumstarehesha mhasibu kwa kuburuza ujenzi wiki nzima si huruma kwake, maana kila saa ya ziada ni saa ambayo kosa la diski moja zaidi linaangusha safu yote.

Kuhusu kosa hilo, utasoma kwamba diski za kawaida zimetajwa na watengenezaji kukosa kusoma biti moja kati ya 10 kwa kipeo cha 14, yaani kwa kila TB 12.5 hivi, na ujenzi wako utasoma TB 12. Wapo wanaochukua hesabu hiyo wakahitimisha kwamba RAID 5 ya ukubwa huu lazima ife. Si kweli. Hicho ni kiwango cha juu ambacho mtengenezaji anakubali kukitaja, na safu nyingi kama yako hujengwa zikamalizika salama. Ila si takwimu ya kupuuza. Sekta moja isiyosomeka wakati huu haina pa kurekebishiwa: kipande hicho kimepotea, na diski nzima inaweza kutolewa kwenye safu. Ndiyo sababu ya kukuhimiza nakala zitangulie. Na kama smartctl ilikuonyesha 197 iliyo juu ya sifuri kwenye diski hai, usijenge kabisa kwa sasa. Zima seva, nakili diski hiyo dhaifu nzima kwenda diski nyingine mpya kwa ddrescue, weka nakala mahali pake, ndipo ujenge. Itakugharimu diski ya pili na siku moja ya kufunga huduma, lakini ddrescue inajua kuruka sekta mbovu na kuzirudia baadaye, jambo ambalo ujenzi wa RAID haulifanyi.

[UUUU] ikitokea, bado kuna mawili ya haraka. Andika grub-install /dev/sde kama seva inawaka kutoka diski hizi, la sivyo siku sda ikifa mashine haitawaka ingawa data ipo. Kisha endesha ukaguzi kamili kwa echo check > /sys/block/md0/md/sync_action, usiku mmoja ulio tulivu. Hifadhidata unaweza kuiacha kwenye SSD, lakini nunua ya pili uziunganishe kwa RAID 1, kila moja iwe nakala ya mwenzake.

Baadaye, chama kikipata fedha, ongeza diski ya tano ubadilishe kuwa RAID 6, inayostahimili diski mbili kufa. Kwa diski za TB 4 na kuendelea, katika mji ambako diski inasubiriwa siku nne, RAID 5 siipendekezi tena kwa mtu yeyote. Mkishindwa hilo, basi diski moja ya akiba ikae kabatini hapo ofisini, imeshapimwa.

Na hili lifanye leo, hata kabla diski haijafika. Umesema uligundua kwa sababu mhasibu alilalamika, kwa hiyo hatujui diski ilitoka lini. Huenda ni wiki. Fungua /etc/mdadm/mdadm.conf, weka MAILADDR yenye anwani unayoisoma kila siku, kisha andika mdadm --monitor --scan --oneshot --test. Barua isipofika, seva haijui kutuma barua pepe, rekebisha hilo mpaka ifike. Ukikwama popote kwenye hatua za diski, acha ulipo, usiguse tena, nitumie matokeo ya /proc/mdstat na ya mdadm --examine kwa kila diski pamoja na mistari ya mwisho ya dmesg.